Kabla hujafowadi, soma mpaka mstari wa mwisho

Ikikaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, magrupu ya WhatsApp yanachangamka, mara ajira zimetangazwa, mara daladala ni bure mji mzima, na mimi kama admini wa grupu la ukoo wetu nimeona wanaonaswa wengi ni watu wenye akili zao timamu kabisa, shida tu hawakufika chini.

Mfano ninaowapa wadogo zangu kila mwaka ni wa New York. Tarehe 9 Novemba 1874 gazeti la New York Herald lilitoa stori ndeeefu kwamba wanyama wametoroka kwenye bustani ya Central Park, kifaru kaua mlinzi wake, simba na chui wako mitaani wanararua watu, maiti kibao. Watu wakajifungia ndani, wengine wakatoka na bunduki kuwasaka hao wanyama. Sasa aya ya mwisho ya stori hiyohiyo ilisema wazi kabisa kwamba yote ni ya kutunga, hakuna neno la kweli hata moja, wao walitaka kuonyesha kwamba usalama wa pale ni mbovu! Mimi hapo gazeti siliachii, huwezi kutisha mji mzima halafu ukweli ukauficha mkiani. Ila msomaji naye asome jamani.

Pia usikubali kitu kwa sababu tu kimetaja jina kubwa. Agosti 1835 gazeti la Sun, hukohuko New York, liliandika kwamba Sir John Herschel ameona kwa darubini viumbe kama watu wenye mabawa ya popo wanaishi mwezini. Herschel alikuwa mtaalamu wa nyota wa kweli, na kweli alikuwa Rasi ya Tumaini Jema na darubini yake, sasa enzi hizo za meli nani angemuuliza akajibu wiki hiyo? Ndiyo maana mdogo wangu aliponipigia begi liko tayari kisa tangazo la ajira lenye sahihi ya bosi mkubwa, nilimwambia usipige namba iliyo kwenye tangazo, tafuta ya ofisi yenyewe uulize. Akauliza, hakukuwa na ajira yoyote, nauli ikapona.

Na wewe unayetaka kumchezea mtu, basi cheza kama Guardian la Uingereza, tarehe 1 Aprili 1977 walitoa kurasa saba kuhusu visiwa vya San Serriffe ambavyo havipo duniani, mji mkuu eti Bodoni, rais eti Jenerali Pica, yote maneno ya wapiga chapa, yaani funguo ziko mezani, ukitulia unacheka mwenyewe na hakuna aliyeumia.

Sisi utani tunaujua toka zamani, Mngoni na Mhehe wanataniana mpaka msibani na hakuna anayenuna kwa sababu kila mmoja anamjua mtani wake. Mtu usiyemjua huko mtandaoni hajawahi kukubali kuwa mtani wako.

Kwenye grupu letu tumekubaliana hivi: ugonjwa, kifo, ajira na hela havichezewi kabisa, na aliyeweka utani anautegua mwenyewe kabla ya saa sita mchana, palepale alipouweka, maana utani ukishatoka nje ya grupu huwezi tena kuurudisha.