Je, Nilifungie Gari Langu la Zamani Mfumo wa Gesi?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa shule ya upili mjini Kisumu na nyumbani kwangu ni Maseno, kwa hivyo kila siku ya kazi husafiri takriban kilomita 50 kwenda na kurudi, nikijumlisha safari za kanisani na za shambani, gari hutembea kama kilomita 1,100 kwa mwezi. Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 la mwaka 1998, la cc 1,500, na lita moja ya petroli hulipeleka kilomita 12. Fundi mmoja ameniambia kwamba kwa shilingi 85,000 atalifungia mfumo wa gesi ya LPG, na kwamba badala ya kununua petroli kwa shilingi 180 kwa lita nitanunua gesi kwa 120. Ndugu yangu anayeishi Dar es Salaam naye anasema gari lake la gesi limempunguzia gharama kwa zaidi ya nusu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba siku hizi gari huchelewa kuwaka asubuhi, na hunibidi kuongeza oili kabla ya sevisi kufika. Je, nifunge gesi?
Mwalimu, Maseno

JIBU: Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba usifunge gesi kwa sasa. Nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa shilingi 85,000 si pesa za kujaribia mtu anayeishi kwa mshahara, na kwa kuwa uamuzi huu unaweza kubadilika iwapo mambo mawili matatu yatabadilika kwanza.

Tuanze na ndugu yako, kwa sababu kisa chake kinawapotosha wengi huku kwetu. Gesi inayotumiwa na magari ya Dar es Salaam ni gesi asilia, ile inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo hushindiliwa kwa nguvu kubwa ndani ya mitungi mizito na kuuzwa kwa kilo. Ni mali ya nchi yao, inatoka kwenye ardhi yao wenyewe. Gesi anayokuzungumzia fundi wako ni nyingine kabisa: ni mchanganyiko wa propani na butani, ndugu wa ile inayowaka jikoni kwako, na huletwa kwa meli hadi Mombasa kisha ikapandishwa na malori mpaka huku magharibi. Bomba la mafuta linalofika Kisumu husafirisha petroli, dizeli na mafuta ya ndege, wala si gesi hii. Kwa hivyo faida anayoipata ndugu yako haiwezi kutumika kupimia yako.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambapo ndipo fundi wako alipokuficha jambo, pengine bila kukusudia. Ukitazama tofauti ya shilingi 60 kwa lita na kuizidisha kwa lita 92 unazochoma kwa mwezi, unapata akiba ya takriban shilingi 5,500, na gharama ya kufunga inarudi kwa miezi 15 au 16. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama lita ya gesi ingekuwa sawa na lita ya petroli. Lita ya LPG ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, ilhali lita ya petroli inakaribia robo tatu ya kilo, na nguvu iliyomo ndani ya lita hiyo ya gesi ni pungufu kwa kiasi kinachokaribia robo. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli litakwenda kama kilomita 9.6 kwa lita ya gesi. Zaidi ya hayo, injini haianzi na gesi. Huwashwa kwa petroli, na huhamia kwenye gesi tu maji ya radieta yakishapata joto, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayokipasha moto kile kifaa kinachoigeuza gesi kutoka hali ya umajimaji kuwa mvuke. Tukichukua kwamba petroli hiyo ya kuwashia ni asilimia 5 ya ile unayotumia sasa, gharama yako ya mwezi itashuka kutoka shilingi 16,500 hadi karibu 13,900. Akiba ni shilingi 2,600. Kwa mwendo huo, pesa zako zitarudi baada ya miezi 33, na hapo sijahesabu vichujio vya gesi wala plagi ambazo itakubidi kuzibadilisha mapema zaidi.

Mtu wa teksi anayeendesha kilomita 4,000 kwa mwezi angezirudisha pesa hizohizo kwa miezi tisa. Ndiyo maana humsikia dereva wa namna hiyo akiisifu gesi kwa moyo wake wote, naye hasemi uongo.

Ipo pia habari ya bei yenyewe. Bei ya juu ya petroli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, tarehe 14 ya kila mwezi, na kituo hakiruhusiwi kuizidi. Bei ya gesi haimo katika tangazo hilo, kwa hivyo kila muuzaji hupanga yake. Kodi nayo imekuwa ikipanda na kushuka: LPG ilirudishiwa kodi ya VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa kabisa Julai 2023, wakati uleule ambapo kodi hiyo kwa petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi, na ndipo watu wengi walipoanza kuulizia gesi. Mtu aliyefunga wakati huo alifanya hesabu tofauti na yako ya leo. Kabla ya kumlipa fundi, nenda mwenyewe kwenye kituo alichokutajia, uende siku mbili tofauti, uisome bei kwenye pampu na uulize ni mara ngapi gesi huisha. Iwapo kituo ni kimoja tu na kiko upande wa pili wa mji, ile safari ya kwenda kujaza nayo ni gharama.

Hata hivyo, hesabu si sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni hayo uliyoyataja mwishoni, kama kwamba ni mambo madogo: gari linachelewa kuwaka na linakula oili. Gesi haiponyi injini iliyochoka, bali huifichua. Mchanganyiko wa LPG na hewa unahitaji cheche yenye nguvu zaidi ili uwake, kwa hivyo plagi, waya za plagi na koili ambazo zinavumilika kwenye petroli zitaanza kukosa kuwasha mara tu utakapobadilisha. Na valvu, ile milango midogo ya kuingiza na kutolea hewa kwenye silinda, ndizo zinazonihangaisha zaidi. Gesi huingia kwenye silinda ikiwa kavu, na kila valvu ya ekzosti inapojipiga kwenye kiti chake, kile ambacho mafundi hukiita siti, chuma hugongana na chuma. Injini nyingi za Kijapani zina siti laini kuliko zile za magari yaliyoundwa kwa ajili ya gesi, na siti hizo huliwa pole pole mpaka valvu ikazama.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Katika gereji moja mjini Nakuru, fundi alikuwa amefungua silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ya gari lililotumia gesi kwa muda mrefu bila kupimwa valvu hata mara moja. Aliilaza juu ya gunia, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya valvu nne za ekzosti, moja baada ya nyingine. Kwenye tatu ukucha ulipita bila kukwama. Kwenye ya nne ulitumbukia, na ukingo wa valvu hiyo ulikuwa umeungua na kupata rangi ya kijivu iliyofifia kama jivu la mkaa. Nafasi inayoachwa juu ya valvu haifiki hata nusu milimita. Valvu ikizama, nafasi hiyo hujifunga, valvu haikai tena sawasawa, na moto wa silinda hupenya pembeni hadi uichome. Mwenye gari alikuwa akilalamika tu kwamba gari limepoteza nguvu kwenye milima. Gharama ya kutengeneza hedi ilimeza akiba yake.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya kufikiria gesi mwombe fundi akupimie kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayoshindiliwa, ya silinda zote nne, kisha atie oili kidogo kwenye silinda iliyo dhaifu na kupima upya. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, huenda tatizo liko kwenye valvu. Kazi hiyo ni ya saa moja, na ndiyo itakayokuambia kama injini hii inastahili kutiwa shilingi 85,000 au la. Ikionekana kuwa nzima, na bei ya gesi ikashuka hadi kama shilingi 100 wakati petroli imebaki 180, pesa zako zitarudi kwa miezi 18, nami nitakuwa wa kwanza kukuambia ufunge, mradi valvu zipimwe mara kwa mara.

Siku hiyo ikifika, kagua tanki kabla ya kukagua kitu kingine chochote. Liwe tanki lililoundwa kwa ajili ya gari, lenye kibao kinachoonyesha ujazo, tarehe ya kuundwa na namba 67 ya kanuni ya kimataifa ya vifaa vya gesi vya magari. Tanki la aina hiyo lina valvu inayosimamisha ujazaji likifika asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka gari likiegeshwa juani, na lina valvu nyingine ya kupunguza shinikizo. Mtungi wa jikoni hauna valvu hiyo ya kusimamisha ujazaji, na fundi yeyote anayependekeza kuuweka kwenye buti umkimbie. Wala usikubali gari lako lijazwe kutoka kwenye mtungi kwa mpira uani kwa mtu. Kenya iliona katika mlipuko wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024, kile ambacho gesi iliyojazwa kiholela inaweza kuwafanyia watu waliolala majumbani mwao. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kwa maandishi, na hakikisha kwamba kitabu cha gari, kinachotaja aina ya mafuta, hakipingani na kilichomo ndani ya gari.

SWALI: Mimi tayari nilifunga gesi, na wiki hii nasikia harufu nikiliegesha gari usiku. Fundi wangu anataka niliingize kwenye shimo lake la ukaguzi. Nifanye nini?
Dereva wa teksi, Nakuru

JIBU: Usiliingize shimoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama mahali pa chini kama maji, na shimo la ukaguzi ndilo bakuli lake. Liegeshe gari nje palipo na upepo, mbali na jiko na mbali na dirisha la mahali watu wanapolala, lizime kisha ufunge ule mkono wa valvu ulio kwenye tanki. Endesha kwa petroli mpaka litengenezwe; natumaini hujaiacha petroli ikauke, kwani pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa nayo. Fundi achukue sponji na maji ya sabuni yenye povu zito, kama ufanyavyo ukibadilisha mtungi nyumbani, apake kila kiungo kuanzia kwenye tanki hadi mbele kwenye injini, halafu afungue gesi na kusubiri. Mapovu yakianza kukua mahali pamoja, hapo ndipo penye tatizo. Akikaribia na kiberiti ili kuhakikisha, chukua ufunguo wako uondoke.