Siki na bekingi soda havikai chupa moja

SWALI: Nilichanganya siki, bekingi soda na sabuni ya mche iliyokunwa, nikafunga kwenye chupa ya kupulizia. Asubuhi nikakuta chupa imevimba, na ndani mna mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Nimekosea wapi?

JIBU: Vyote vitatu ni vizuri, ila si pamoja. Siki ni asidi, bekingi soda ni alikali. Vikikutana vinamalizana nguvu. Lile povu linalofurahisha macho ni gesi ya kabonidayoksaidi tu, na ndiyo iliyovimbisha chupa yako. Ingeweza hata kuipasua. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo, hayana ubavu wa kuondoa mafuta. Mabonge ni sabuni yako: sabuni ya mche ikiguswa na asidi huvunjika, ikaacha mafuta yanayoelea. Ukipulizia hayo, unapaka jiko mafuta. Legeza kifuniko taratibu, uelekeze mdomo wa chupa mbali na uso, kisha mwaga.

Sasa gawa kazi. Mafuta ya jikoni yapelekee alikali: vijiko vinne vya chakula vya bekingi soda katika lita moja ya maji ya moto. Futa kwa kitambaa, kisha pitisha kingine chenye maji safi. Ukiruka hatua hii, pakikauka utaona ukungu mweupe. Yaliyogandamana yapake rojo zito, soda sehemu tatu kwa maji sehemu moja, uache dakika 20 kabla ya kusugua. Angalia usichukue bekingi poda: hiyo imeshatiwa asidi na wanga, itakuachia utandu wa kunata.

Siki ibaki kwa ukoko wa chokaa. Birika lijaze nusu kwa siki na maji vipimo sawa, chemsha, acha nusu saa, suuza, kisha chemsha maji matupu na kuyamwaga. Ila usiifikishe kwenye jiwe la marumaru. Asidi hulila, na mng'ao ukishatoka haurudi kwa kufuta.

SWALI: Sufuria iliungua, nikaichemsha na bekingi soda. Masizi yametoka lakini ndani imekuwa nyeusi!

JIBU: Bila shaka ni ya alumini. Alikali ya moto huitia weusi. Chemsha humo maji yenye vijiko viwili vya chakula vya siki au maji ya limau kwa kila lita, dakika kumi, na maji yafike juu ya alama ya weusi. Soda ni ya sufuria za stili: maji kina cha sentimita mbili, vijiko viwili vya chakula vya soda, chemsha dakika kumi, acha ipoe, kwangua kwa mwiko wa mbao. Sufuria isiyogandisha isikwanguliwe kabisa.

SWALI: Je, siki inatosha kuua vijidudu kwenye ubao wa kukatia nyama?

JIBU: Usiitegemee. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, simamisha ubao ukauke. Ukitaka kuua vijidudu, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na hapo siki isiwe karibu: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu.