Kadi Moja, Wanunuzi Wawili

Kadi ya kidijitali ina sahihi ya mtunzi wa mchezo, na mwenye nayo ametia sahihi kunihamishia. Si imeshakuwa yangu?

Bado. Swali hili haliishi, na jibu halibadiliki. Sahihi ya kidijitali inaonyesha kwamba kadi si ya kughushi na kwamba mwenye ufunguo wa siri wa kutilia sahihi ameridhia. Haikuambii kama saa moja kabla alimtilia mwingine sahihi kwa kadi hiyohiyo. Zote mbili zitakuwa halali. Kinachohitajika ni daftari ambalo wachezaji wote wanalisoma kwa mfuatano mmoja, ijulikane nani alitangulia. Daftari hilo la pamoja ndilo blokucheni, na hiyo ndiyo kazi yake hapa. Mengine mnayouziwa kwa jina hilo ni mapambo.

Nani atangulie kutuma?

Asitangulie mtu. Kadi zikiwa kwenye daftari moja, mkataba erevu (programu inayojiendesha kwenye daftari hilo) huzihamisha zote mbili katika muamala mmoja. Moja ikikwama, zote zinabaki kwa wenyewe. Anayesema "tuma kwanza, mimi najulikana" mwache na umaarufu wake.

Na zikiwa kwenye blokucheni mbili tofauti?

Hapo ni kufuli la heshi na muda. Unatengeneza siri ya nasibu ya baiti 32 (neno la kawaida halifai, litabahatishwa), unafunga kadi yako kwa heshi ya siri hiyo (alama inayokokotolewa kutoka kwenye siri bila kuifichua), tuseme kwa saa 48; muda ukiisha bila siri kutolewa, kadi inarudi kwa mwenyewe. Mwenzako anakagua kufuli lako kwanza, kisha anafunga yake kwa heshi ileile, saa 24. Ukiichukua kadi yake, siri inaonekana hadharani, naye anaitumia kuchukua yako. Wengi huharibu kwenye saa: muda ukiwa sawa, mwenye siri husubiri dakika ya mwisho, achukue kadi ya mwenzake na kurudishiwa yake. Hata muda ukipangwa vizuri, mwenye siri anaweza kughairi bei ikibadilika, na kadi ya mwenzake ikakaa kifungoni siku nzima bure. Na ukiwa wewe ndiye unayefunga wa pili, usizime simu ukalala: siri ikionekana, chukua kadi kabla muda haujaisha.

Tovuti inaomba ruhusa ya kuhamisha kadi zangu zote.

Kataa. ERC-721, kanuni ya kadi za namna hii kwenye blokucheni ya Ethereum, inakuwezesha kuruhusu kadi moja tu. Kama uliwahi kukubali, ifute leo, haiishi yenyewe.

Nimeombwa maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yangu ya kidijitali, "kwa uhakiki".

Ni mwizi.

Nitajuaje kadi si nakala?

Linganisha anwani ya mkataba, herufi kwa herufi, na ile aliyoitangaza mtunzi. Jina na picha, yeyote anaweza kuvinakili.