Kabla ya shule ya PA: kuogesha wazee nako ni kusoma

Wadogo zangu mnaofika Marekani na shahada mkononi, mkitamani kuwa PA (physician assistant), yaani tabibu anayepima, kutibu na kuandika dawa akishirikiana na daktari: msione haya kuanzia nyumba ya wazee. Nyumbani watasema mnabeba boksi. Waacheni. Fani hii ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu waliokwisha kuhudumia majeruhi katika jeshi la majini. Mpaka leo shule nyingi zinataka uwe umemshika mgonjwa kwa mikono yako. Zipo zinazodai saa 500, nyingine 1,000 au zaidi.

Lakini si kila saa ya hospitalini ina uzito mmoja. CASPA, mfumo ambao shule nyingi hupokelea maombi, unatenga saa za kumhudumia mgonjwa mwenyewe na saa za kazi nyingine za afya. Kuogesha, kugeuza, kulisha, kupima presha, hizo ni za fungu la kwanza. Kukaa dirishani ukiandikisha wagonjwa ni fungu la pili, na ukalimani aghalabu huwekwa huko huko. Mimi niliwakalimania Wakongomani mwaka mzima nikidhani naweka akiba. Kazi ile ilinifundisha kusikiliza na siijutii, ila shule niliyoitaka haikuihesabu kabisa. Zamu tatu za saa 12 kwa wiki zingenipa zaidi ya saa 1,800 kwa mwaka huo huo.

Kosa langu la pili liliniuma mfukoni. Nilikopa kulipia kozi ya CNA, yaani ya msaidizi wa muuguzi, anayeogesha na kulisha wazee. Kumbe kwa sheria ya shirikisho, nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, ikikuajiri au kukuahidi kazi kabla kozi haijaanza, hutakiwi kutozwa chochote, hata vitabu. Ukijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa ndani ya miezi 12, unastahili kurudishiwa. Niliajiriwa mwezi wa pili tu baada ya kozi. Hakuna aliyenitajia, nami sikuuliza. Ninyi ulizeni siku ya usaili, na risiti msitupe.

Masomo ya sayansi ambayo shule za PA zinayataka na hamjayasoma, kayasomeeni chuo cha jamii (community college), ada yake ni nafuu. Ila kwanza waandikieni shule mnazozilenga: zipo zisizokubali sayansi iliyosomewa nje ya Marekani, na zipo zinazokataa masomo yaliyopitwa na miaka. Ada ya CASPA nayo hupanda kwa kila shule unayoongeza, kwa hiyo chagueni chache zinazowafaa. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada. Aombe mapema, kabla ya kutuma maombi, kwa maana fungu hilo lina kikomo.

Na wekeni akiba kwa bidii kuliko tulivyoweka sisi, kwa sababu Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, haupo tena kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Ufadhili wa NHSC, mpango wa serikali ya Marekani, hulipa ada ukikubali kuhudumu maeneo yenye uhaba wa watabibu, lakini ni wa raia wa Marekani tu.

Nunueni daftari leo. Tarehe, zamu, saa, jina na simu ya msimamizi. Wasimamizi wa nyumba hizi hawakai. Wangu alihama bila kuaga, nikamtafuta wiki tatu ili athibitishe saa zangu.