Waliolala Hapa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza kama kumchukua mtoto wa mama yako mdogo aje asome huko Dar ni kuvuruga familia, maana mwenzako anasema familia ya jadi ni baba, mama na watoto wao, basi.

Jadi ya nani? Nilicheka peke yangu jikoni.

Unakumbuka sensa ya 2022? Karani alikuja na kishikwambi, akakaa kwenye kigoda, akauliza nani walilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Nikataja: mimi, bibi yako, na huyo mtoto tunayemzungumzia. Akauliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema mwanangu. "Umemzaa?" Hapana, kazaliwa na mdogo wangu. Akafuta alichoandika, akaandika kingine. Na wewe umeniandikia "mtoto wa mama mdogo". Kwetu huyo ni mdogo wako.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Babu yako alilima shamba la ukoo wa mkewe, na neno la mwisho, nani aolewe na nani apewe shamba, lilikuwa la mjomba. Kikao kikiitwa, baba alikaa pembeni kama sisi watoto. Kwa Wachaga utakuta kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Wakurya wana nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anamtolea binti mahari, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Wote hao wanaapa kwa mila. Hiyo nyumba ya baba, mama na watoto wao tu mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kota za reli pale Morogoro mjini: chumba, sebule, mshahara wa mtu mmoja. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 ikasema binti wa chini ya miaka 18 idhini anatoa baba, baba akiwa amefariki mama, kisha mlezi. Mjomba, mwenye binti kwa mila yetu, hakutajwa.

Usidhani nasifia ya zamani. Mjomba huyohuyo ndiye aliyesema nisiendelee baada ya darasa la saba, ada iende kwa kaka. Mama alinyamaza. Baba hakuulizwa. Nililia wiki nzima, na mpaka leo nikipita karibu na ile shule natazama upande mwingine.

Mwenzako ana hoja moja ya kweli. Kijijini mdomo ulioongezeka ulikuja na mikono ya kushika jembe. Huko Tabata unakuja na nauli na madaftari, unga mnanunua kwa kilo, na vyumba ni viwili. Hayo mkae myahesabu, wewe na yeye, jadi muiache kando. Akikubali, mtoto awe na kitanda chake, asilale sebuleni akisubiri televisheni izimwe, wala asigeuzwe mfanyakazi wa bure. Akikataa, usigombane naye. Mama yako mdogo nitamweleza mimi.

Ila msalimie mkwe wangu, umwambie Desemba nakuja kukaa mwezi mzima. Tuone mimi ataniandika wapi.

Mama yako