Yule chura wa kijani na macho yaliyonitesa

Juzi saa tano usiku mwalimu mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, nataka kumtengeneza Kermit, yule kikaragosi wa chura wa televisheni anayevaliwa mkononi, kwa ajili ya mahafali ya chekechea yetu. Zimebaki wiki mbili. Naanzia wapi?" Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaniisha. Wiki mbili! Chura wangu wa kwanza alinila miezi minne, na siku nilipomtoa mbele ya watoto wa mtaani kwetu hapa Mtwara, mmoja akapiga kelele: "Mjusi!"

Niliumia, siwafichi. Huyu ni Kermit, niliyemjulia kwenye kanda za video alizotuletea mjomba baharia, tukibanana watoto kumi na wawili mbele ya televisheni moja. Leo mtoto wa jirani anamwita mjusi! Baadaye sana nikasoma kwamba yule mtoto hakuwa mbali na ukweli. Jim Henson, Mmarekani aliyembuni, alipomshona mwaka 1955, kwa koti kuukuu la mama yake na mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu kwa nusu, kiumbe chenyewe hakikuwa chura bado. Kilifanana na mjusi. Uchura na ile kola yenye ncha ncha vilikuja baada ya miaka. Kumbe mimi nilitengeneza wa 1955 bila kukusudia.

Kwenye koti sisi tuna bahati wasiyo nayo watu wa Njombe kwenye baridi. Makoti ya manyoya laini yanakuja kwenye mabelo ya mitumba na hayana mnunuzi. Mtu wa Mtwara avae koti la baridi aende nalo wapi, ufukweni Shangani? La kwangu nililipata kwa buku mbili na muuzaji akanishukuru. Shona kwa mkono, kingo zikutane bila kupandana, kisha chambua manyoya kwa ncha ya sindano mpaka mshono upotee.

Kosa langu kubwa lilikuwa sponji. Nilikata godoro zima nikamshindilia kichwani akakaza kama nazi. Kermit hajazwi hivyo. Uso wake ni laini kwa sababu ni mkono wako ndio unaomkunjia sura: ukifumba ngumi, naye ananuna. Ukimjaza, umemwua.

Halafu macho. Hapa ndipo nilipolala njaa. Nilipima kwa rula, nikachora mboni mbili duara katikati kabisa, sawa kwa sawa. Chura akawa anatazama ukuta wa pili. Jirani yangu mzee wa Kimakonde, mchonga vinyago, akamshika, akamgeuza, akasema, "Huyu hajakuona." Basi. Akarudi kwenye mpingo wake. Nilikaa na neno hilo mwezi mzima kabla sijaelewa kwamba mboni husogezwa kidogo kuelekea puani, ndipo anaonekana kumtazama mtu. Tena mboni ya Kermit si duara tupu, ina mchirizi uliolala. Wazee wetu wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, walijua haya zamani: mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, lakini wewe unaapa umeangaliwa na macho ya mti.

Sasa niseme lililo moyoni. Kuna chekechea moja iliniagiza watatu. Nilikesha. Siku ya kukabidhi mkuu wake akasema hawafanani na Kermit, akanipa nauli ya bodaboda. Wiki iliyofuata nikawaona watatu wote kwenye picha za sherehe yao, wamepambwa maua! Na mimi nina langu la kujibu: Kermit ana mwenyewe, kampuni ya Disney wanammiliki tangu 2004, sikuwa na ruhusa ya kumuuza. Mtengeneze ucheze naye na watoto wako, usimgeuze duka. Vijana wa siku hizi mnawaza bei kabla ya uzi kuingia kwenye sindano. Tulia kwanza. Jifunze. Jambo halishonwi kwa haraka.

Kumsemesha nako ni kazi. Wengi wanainua taya la juu kila neno, chura anatapatapa kama amepaliwa. Shusha kidole gumba, taya la chini ndilo lifanye kazi. Kiswahili kinakusaidia, maana silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu: chu-ra, mara mbili, fungua, fungua. Ukifika "mtoto", ile m uifumbe mdomo. Jizoeze mbele ya kioo mpaka mkono ukufe ganzi. Mimi mke wangu alidhani nimerukwa na akili.

Kwa hiyo mwalimu, kesho wahi mitumbani kabla ya jua kali. Ukikosa koti la kijani usinunue jeupe ukitegemea kulichovya rangi. Manyoya yale ni ya plastiki, hayanywi rangi. Nilichovya mimi, na kilichotoka kijani ni beseni la mke wangu.