Mwalimu, hii fani itanifikisha uzeeni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24 nipo Pasua hapa Moshi, naigiza kwenye kikundi chetu na mimi ndo yule wa kurushwa ukutani na kudondokea juu ya bajaji maana wenzangu wanaogopa. Baba anasema hii ni kazi ya ujana tu, mifupa ikikomaa nitarudi kwake kuomba hela ya chumvi, anataka nikasimamie duka la mjomba. Hivi kuna mtu kweli kaishi kwa kuigiza na kuanguka mpaka akazeeka? Nijibu ukweli tafadhali. (Kijana wa Pasua)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wapo, na ntakupa mmoja kwa jina, ila baba yako hajakosea kote. Mwili una mwisho na hakuna anaekulipa pensheni ya kudondoka, mimi nipo kwenye hii kazi mwaka wa 31 hapa Arusha na asubuhi za mwezi wa saba na lile baridi letu nyonga ya kushoto haiinuki mpaka nishike ukuta.

Anaitwa Yakima Canutt, Mmarekani, kazaliwa 1895. Alianza na mashindano ya kupanda farasi wakorofi, akaingia kwenye filamu za zamani zisizo na sauti akawa mwigizaji kabisa wa mbele, ila sauti yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa, kwahiyo filamu zilipoanza kuongea nafasi zikamtoka. Hapo ndo wengi huwa wanaacha. Yeye akahamia kwenye stanti, yaani zile kazi za hatari za kuruka na kuanguka kwenye filamu. Kwenye filamu ya Stagecoach ya 1939 utamuona kadondoka katikati ya farasi wanaokimbia, anaburutwa chini, anaachia mikono halafu farasi na lile gari lao vinapita juu yake na anatoka mzima. Kitu kama kile hakifanywi kwa ushujaa, kinafanywa kwa vipimo na mazoezi.

Kuna kingine alikifanya ambacho wewe unakitumia kila siku bila kujua. Zamani waigizaji wakipigana walikuwa wanagongana kweli mabegani na kifuani, yeye na John Wayne, mwigizaji mkubwa wa Marekani, wakatengeneza njia ya ngumi kupita mbele ya uso bila kugusa, kamera inawekwa upande ambao ile nafasi haionekani, anaepigwa anarusha kichwa na mtazamaji anaamini kabisa. Na huyo Wayne alikuja huku kwetu, filamu ya Hatari! iliyotoka 1962 ilipigwa huku kaskazini, Momella hapo juu ukielekea Meru, na yeye mwenyewe ndo kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari ameshika mti wenye kitanzi anafukuza vifaru na twiga. Mi nikipita ile njia huwa nawaza hilo kila mara.

Canutt alivyozeeka akawa mwalimu na dairekta wa sehemu za hatari. Yale mashindano ya magari ya farasi kwenye filamu ya Ben-Hur ya 1959 aliyasimamia yeye, akamfundisha mwigizaji mkuu Charlton Heston kushika hatamu za farasi wanne, na kwenye sehemu ngumu akaingia mtoto wake Joe. 1967 wakampa Oscar ya heshima kwa kazi ya stanti na kwa vifaa alivyobuni vya kulinda wanaoanguka. Kafariki 1986 ana miaka 90.

Sasa nachotaka ukione ni kwamba alikuwa anagundua namna ya kufanya salama na kuwapa wenzie tangu bado ana nguvu zake, hakungoja mwili uchoke ndo aanze kufundisha. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Kuna kazi moja waliniambia niruke kutoka juu ya banda la mabati, chini wakaweka godoro moja la inchi 4, nikaliona halitoshi nikanyamaza kwasababu nilikuwa naogopa kunyimwa kazi. Nikatanguliza mkono. Kiganja kikavunjika, nikafungwa hogo, na waliokuwa wananiita dada kila dakika hakuna aliyepiga simu. Zile wiki sita nikawa nakaa kwenye benchi naangalia chipukizi wa kikundi chetu wakiruka, naona yule kidevu kiko juu, yule kabana pumzi, napaza sauti, wanarekebisha, na mwisho wa mwezi mzazi mmoja akanilipa. Darasa langu lilianzia pale.

Kwahiyo duka la mjomba nenda hata nusu siku, sio aibu, ila anza na watoto wanne watano wa mtaa. Wafundishe kuanguka kwa nyuma kabla ya kitu chochote: kidevu kifuani, mgongo umepinda, toa pumzi, viganja vyote vipige chini kwa pamoja. Ya kuruka kutoka juu usijaribu mwenyewe. Tafuta aliyefundishwa, na pale Mbuyuni omba maboksi matupu madukani, makubwa yenye hewa ndani, yapangwe yakiwa yamesimama, yafungwe kamba kuzunguka yasitawanyike, magodoro juu, maana boksi likibonyea ndo linakula ule uzito. Ukiweza nenda Bagamoyo, chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, sarakasi wanafundisha na cheti unapata, na cheti ndo kitakufungulia mlango wa shule.

Na kabla hujaruka kwa mtu uliza nani analipa hospitali nikiumia. Iandikwe. Akikasirika ondoka.

Baba mkumbushe pia mzee Majuto wa Tanga, ameigiza tangu mtoto mpaka anafariki 2018 na nchi nzima ilimlilia. Halafu mwalike aje aone mazoezi, sio shoo.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mwanangu ana miaka 9, akiangalia Jackie Chan basi anaruka kutoka kwenye kochi siku nzima, nimemchapa nimechoka. Nifanyaje? (Mama wa Ngaramtoni)

JIBU: Nzuri mama, pole. Usimchape kwa hilo. Huyo Jackie Chan mwenyewe aliwekwa kwenye shule ya opera Hong Kong akiwa mdogo kuliko mwanao, akakaa kama miaka 10 chini ya mwalimu mmoja kabla hajawa mtu wa kuangaliwa. Mtoto anaona mruko tu, ile miaka 10 haioneshwi. Mwambie hivyo kwa upole. Kochi lisogezwe mbali na meza ya kioo, jumamosi mtandikie godoro sakafuni, achuchumae, ajiangushe polepole kwa nyuma na wewe ukiwa pembeni yake umeangalia kidevu.